Wafanyakazi wa usafi na ulinzi wanakwepa kuchangia damu: tufanyeje?

SWALI: Nasimamia watu 40 wa usafi, dobi, jiko, machela na ulinzi katika hospitali moja hapa Arua, Uganda. Timu ya benki ya damu ilipokuja, walijitokeza watatu tu. Wengine wanasema damu inauzwa, wengine kwamba inachomwa, wengine wanaogopa kuishiwa nguvu. Niandike majina ya waliokataa, au niwape waliochangia siku ya mapumziko?

JIBU: Usifanye lolote kati ya hayo, ndugu msimamizi. Orodha ya majina inaua hiari. Mtu aliyesukumwa na bosi wake hujibu "hapana" kwa kila swali la afya ili amalize aende zake, na hapo ndipo damu yenye hatari hupenya. Siku ya mapumziko nayo, ikizidi muda wa kwenda kuchangia na kurudi, huhesabiwa kuwa malipo. Soda, biskuti na nauli ni sawa.

Watu wako hawana roho ngumu. Wameona mambo ambayo hakuna aliyewaeleza. Anayepeleka taka kwenye tanuri ameona mifuko ya damu ikiteketea. Atakosaje kudhani damu ya watu inachezewa? Mweleze sababu. Uniti, yaani mfuko mmoja wa damu, iliyokaa nje ya friji zaidi ya dakika 30 hairudishwi kuhifadhiwa, kwa kuwa bakteria huanza kuzaliana. Iliyoanza kutiwa mgonjwa lazima iishe ndani ya saa 4, na inayobaki hutupwa. Hata ikitunzwa vizuri kwenye nyuzi 2 hadi 6, damu iliyowekewa dawa ya kawaida ya kuzuia kuganda huisha muda siku ya 35.

Kuhusu kuuzwa: nchini Uganda benki ya damu ya taifa haimtozi mgonjwa. Lakini mfanyakazi akisema alishuhudia ndugu wa mgonjwa akidaiwa pesa ya damu wodini, usimbishie. Huo ni wizi, na akikuona unaupeleka kwa uongozi atakuamini kuliko baada ya hotuba kumi.

Hofu ya kuishiwa nguvu ina msingi, na dawa yake ni ratiba. Asichangie anayetoka zamu ya usiku, wala mwenye njaa. Hao ndio huzirai. Mpange aliye zamu ya asubuhi ambaye kesho yake ni siku yake ya kupumzika. Ale, anywe nusu lita ya maji, achangie mwishoni mwa zamu, kisha akae dakika 15. Mkono uliochomwa sindano usikamue tambara la deki wala kuinua machela siku hiyo. Mshipa hufunguka tena na ngozi huvilia. Akihisi kizunguzungu, alazwe chali, miguu iinuliwe. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa.

Kuna hofu ambayo hukuitaja, nami naiweka ya kwanza: majibu ya vipimo. Kila uniti hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, na mfagizi anajua watu wa maabara ni wale wale anaokutana nao koridoni. Omba mshauri nasaha wa benki ya damu awahoji mmoja mmoja, nyuma ya pazia, mbali na foleni. Hapo ndipo aliyechomwa na sindano iliyotupwa ovyo ataweza kusema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamtaka asubiri miezi 12 kabla ya kuchangia. Kama hazijapita saa 72, apelekwe mara moja kupewa dawa za kuzuia VVU.

Aliyeahirishwa, yaani aliyeambiwa asichangie kwa sasa, asitolewe mlango wa nyuma. Naye akae kwenye meza ya soda. Wengi huahirishwa kwa malaria, uzito chini ya kilo 45 au upungufu wa damu: tone kutoka kidoleni likidondoshwa kwenye maji ya bluu ya mrututu likaelea badala ya kuzama ndani ya sekunde 15, damu haitoshi. Waonyeshe wote tone hilo kabla ya siku yenyewe, ili anayerudishwa asitiliwe shaka.

Timu uialike wakati wa likizo za shule, maana wanafunzi ndio wachangiaji wakubwa na wakienda nyumbani friji hubaki tupu. Waliochangia warudi baada ya miezi 3 kwa wanaume, 4 kwa wanawake.