Ukipangwa na mchezaji wa chesi mwenye reitingi kubwa kuliko yako

Ratiba ya raundi ya kwanza ya mashindano ya chesi ikibandikwa, nusu ya ukumbi hujikuta imepangwa na wakubwa. Si bahati mbaya. Mfumo wa Uswisi wa kupanga wapinzani hupanga wachezaji kwa reitingi, yaani pointi zinazopima nguvu ya mchezaji, kisha hugawa orodha katikati: wachezaji wakiwa 40, namba 1 hucheza na namba 21, namba 2 na 22, hadi namba 20 na 40. Ukiwa wa 30, wa kwanza kwako ni namba 10. Jiandae hivyo tangu nyumbani, usisubiri ratiba ikushtue.

Anza na hesabu, kwa sababu hofu nyingi huletwa na kutojua ukubwa wa pengo. Mwenye pointi 200 za reitingi zaidi yako anatarajiwa kupata takriban pointi 0.76 kwa kila mchezo (ushindi ni pointi 1, sare ni nusu), nawe 0.24. Maana yake katika michezo minne unatarajiwa kupata karibu pointi moja nzima, na hicho si kitu kidogo. Mchezaji mpya wa FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ambaye hajafikisha michezo 30 hukokotolewa kwa kipimo cha 40: tofauti kati ya alichopata na alichotarajiwa huzidishwa kwa 40. Kwa hiyo mwenye 1500 akimfunga wa 1700 anaongeza pointi 30 hivi, akitoka sare anaongeza 10, na akifungwa anapoteza kama 10 tu. Aliye kwenye hatari kubwa katika meza hiyo ni yule wa upande wa pili.

Katika ufunguzi, cheza kile unachokijua. Kosa la kawaida ni kubadilisha ufunguzi usiku wa kuamkia mechi kwa sababu mpinzani “anajua sana” ule uliouzoea. Kama kila siku unajibu e4 (nyeupe akisogeza askari hadi mraba wa e4) kwa c6, yaani Caro-Kann, cheza hiyo hiyo. Ukitaka kumchunguza mpinzani, tafuta michezo yake mtandaoni, jipe dakika 20, tazama anaanza na nini akiwa na nyeupe, kisha funga simu ulale. Kukesha na kompyuta kunakupa mistari 15 ya ufunguzi na kichwa kizito kufikia hatua ya 25, na ni hapo hasa mchezo unapoamuliwa.

Sasa kuna ugonjwa mmoja unaowamaliza wachezaji wengi wa kati: kulana kete ili kupata sare. Mtu anaona jina kubwa, anajiambia, “Nikipunguza kete, hatari inapungua.” Inayopungua ni nafasi yako. Chukua Ufunguzi wa Kifaransa: e4 e6, d4 d5. Tatizo kubwa la mwenye nyeusi hapo ni askofu wake wa c8, ambaye askari wa e6 amemzibia njia. Mwenye nyeupe akikimbilia kula d5 na mwenzake akala kwa askari wa e6, huyo askofu amefunguliwa mlango bure, na ile hatua ya kwanza uliyopewa kwa kuwa na nyeupe imeyeyuka. Ubao unaonekana tulivu na unafanana pande zote mbili, lakini katika ubao wa namna hiyo anayejua wapi pa kuweka ngome na farasi ndiye anayepata raha, naye si wewe.

Kabla ya kubadilishana kete, jiulize: kete yangu inayoondoka ilikuwa inafanya kazi gani, na yake je? Akila na kurudisha, ni kete yake ipi inayosogea mahali pazuri zaidi? Ikiwa jibu linamnufaisha yeye, acha kete zibaki ubaoni. Badilishana ukiwa umebanwa na huna pa kupumulia, mfalme wako akiwa wazi na malkia wake akikuzunguka, au ukiwa tayari umemzidi kete. Mchezaji mwenye nguvu mara nyingi hafanyi miujiza. Anaboresha kete zake moja moja na kusubiri ukosee. Basi mfanye asubiri sana. Kila mara kabla ya kusogeza, tazama shaha zote anazoweza kukupa, yaani hatua zinazomshambulia mfalme wako moja kwa moja, kete zote anazoweza kula, na tishio la hatua yake ya mwisho. Huchukua sekunde 20, na huokoa michezo mingi kuliko ufunguzi wowote.

Sekunde hizo lazima ziwepo kwenye saa. Mashindano yakiwa ya dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, jiwekee mipaka: ukifika hatua ya 15 saa yako isiwe chini ya dakika 70, na hatua ya 30 isiwe chini ya 30. Hivyo umetumia chini ya dakika mbili kwa hatua katika ufunguzi na kama dakika tatu katikati ya mchezo, kwenye ugumu wenyewe. Andika muda uliobaki pembeni ya karatasi ya mchezo kila baada ya hatua tano, sheria inaruhusu. Wengi wanaocheza na wakubwa huteketeza dakika 40 kabla ya hatua ya 12 kwa kuhofia mtego usiokuwepo.

Hatari nyingine huja ukiwa unaongoza. Moyo unadunda, unataka kumaliza haraka, naye ndiyo kwanza anaanza kupigana. Mwaka 2004 jijini Reykjavik, Magnus Carlsen, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, akiwa na miaka 13 alimbana Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa zamani, akawa na hali bora, na bado mchezo uliisha sare. Ukijiona umezidi, ondoa mikono mezani, tumia dakika tano kamili, na utafute kwanza yeye angetaka kufanya nini.

Mchezo ukifika mwisho na kila mmoja amebaki na ngome moja, kuna ulinzi mmoja unaopaswa kuujua hata ukiamshwa usingizini: wa Philidor. Tuseme wewe ni nyeusi, mfalme wako yuko e8, mbele ya askari wa nyeupe aliye e5, na mfalme wake yuko d5. Weka ngome yako mstari wa sita, mfano a6, uizungushe hapo hapo pembeni. Mfalme wake hawezi kuvuka. Hana budi kusukuma askari hadi e6. Papo hapo shusha ngome hadi a1 na uanze kumpa shaha kutoka nyuma. Askari amekwisha ondoka kwenye mraba ambao ungemkinga mfalme wake, hivyo hana pa kujificha, na ni sare. Wanaopoteza hapa hushusha ngome mapema, askari akiwa bado e5, au huirudisha mstari wa nane ikakaa kizembe.

Kuhusu kuomba sare: sogeza kete, tamka, kisha bonyeza saa, kwa mpangilio huo. Omba mara moja tu. Kuomba omba ni usumbufu na mwamuzi anaweza kukuadhibu. Mkubwa akikuomba yeye, usiitikie kwa shukrani. Angalia ubao kwanza, kwa sababu huenda ameona ubaya ambao wewe hujauona. Na kama hatua unayotaka kucheza itafanya hali ile ile ya ubao itokee kwa mara ya tatu, unaweza kudai sare, lakini usiisogeze ile kete: andika hatua hiyo kwenye karatasi, simamisha saa, mwite mwamuzi. Ukishaigusa kete, umepoteza haki ya kudai kwa hatua hiyo.

Mchezo wa hatua 60 kwa muda wa dakika 90 na nyongeza unaweza kuchukua hadi muda wa saa nne, na mashindano ya wikiendi huwa na raundi mbili kwa siku. Kula uji, mayai au ndizi asubuhi, chukua chupa ya maji, na uache pilau ya kushiba hadi jioni. Simu izimwe kabisa na ikae kwenye begi, kama kanuni za mashindano zinaruhusu. Ikilia ukumbini unaweza kupoteza mchezo.

Mkimaliza, hata ukiwa umefungwa, mwombe mpinzani mpitie mchezo pamoja nje ya ukumbi. Wengi hukubali. Usimwambie ulichokosea, muulize: “Hatua ya 18 ulikuwa unaogopa nini?” Nukuu jibu lake kwenye karatasi yako kando ya hatua hiyo, kabla hujaiweka kwenye kompyuta.