Mama aliacha kunywa maji jioni

Mama alipohamia kwetu Tabata kutoka Korogwe, tulijiona tumemaliza kila kitu. Chumba kimepakwa rangi, kitanda kipya, neti, feni ya ukutani. Mwezi wa pili nikaanza kuona kitu: kikombe chake cha chai ya jioni kinarudi jikoni kimejaa, na glasi ya maji ya kumezea dawa imepungua funda moja tu. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hana kiu. Joto la Dar, mwezi Februari, mtu hana kiu?

Wiki nzima ilipita ndipo aliponiambia. Nyumba ilikuwa na choo kimoja, mwisho wa korido, na mlango wake unatazamana na wa chumba chetu mimi na mume wangu. "Sasa mwanangu, mkwe akinikuta pale usiku na kanga moja, nitauficha wapi uso?" Ndiyo maana alikuwa hanywi maji, ili asiamke. Mzee akipungukiwa maji mwilini hupata kizunguzungu, na kizunguzungu ni moja ya mambo yanayoangusha wazee. Mimi wakati huo nilikuwa nahangaika kutafuta godoro gumu zaidi.

Kwa hiyo wewe unayetaka kumleta mzazi nyumbani, kabla hujamwita fundi kaa uangalie mzee wako ameacha kufanya nini. Wazee wengi hawalalamiki, wanapunguza. Haendi tena barazani? Tazama ngazi. Haogi asubuhi kama zamani? Ingia bafuni ujaribu kuoga huku umeshika ukuta kwa mkono mmoja.

Sisi tuligeuza stoo iliyopakana na chumba chake ikawa choo na bafu. Choo chenyewe na marumaru havikula fedha nyingi. Fedha iliishia kwenye kuchimba na kupeleka bomba hadi kwenye karo la maji taka, basi hiyo ndiyo uulizie mapema. Tukaweka choo cha kukaa, maana magoti ya mama hayachuchumai tena. Marumaru za sakafuni tulichagua zenye mkwaruzo. Zile za kung'aa zikilowa ni kama sabuni, na hapa kwetu, kwenye ndoo na kata, sakafu ya bafu haikauki kirahisi.

Fundi alitaka kujenga kizingiti mlangoni ili maji yasitoke. Nilikataa. Unyayo wa mzee haunyanyuki sana, hukwama hata kwenye kizingiti kifupi. Badala yake sakafu iliinamishwa kidogo kuelekea kwenye kitundu cha maji, na maji hayatoki. Mlango tuliupa upana wa sentimita 90, ingawa mama bado anatembea kwa miguu yake. Kupanua mlango baada ya nyumba kupigwa lipu na rangi ni hasara mara mbili.

Kuhusu vyuma vya kushikilia nawaomba msikilize vizuri. Kile chuma chembamba cha kutundikia taulo hakibebi mtu. Fundi wa kuchomelea alitukatia bomba la chuma, akaliweka sentimita 85 kutoka sakafuni, kisha akalifunga kwa boliti ndefu zilizoingia kwenye tofali lenyewe, siyo kwenye lipu. Alipomaliza nilimwomba aning'inie. Akaning'inia, miguu juu. Ndipo nikamlipa.

Siku ya tatu baada ya choo kuanza kutumika, mama aliomba chai ya pili.

Mbele ya nyumba kulikuwa na ngazi mbili, jumla sentimita 30. Njia ya mteremko inayofaa kiti cha magurudumu huhitaji urefu mara 12 ya kimo cha ngazi, kwa hiyo sisi tulihitaji mita 3.6. Uwanja wetu ni mdogo, ikabidi ipite kando ya ukuta. Kabla saruji haijakauka fundi aliipitishia ufagio wa chelewa, ikabaki na mistari, na masika yalipokuja haikuteleza.

Kaka yangu alishauri tangu mwanzo mama akae chumba cha uani, apate utulivu. Alisema kwa upendo, najua. Lakini mtu akianguka uani saa nane usiku, nani atamsikia? Na mama hakuwa na shida ya kelele. Mjukuu wake wa kiume, anayemwita "mume wangu", hufanyia hesabu za shule miguuni pake, wanagombana hadi usingizi unawashika wote wawili. Tulichobadilisha ni kuhamisha televisheni kutoka kwenye ukuta wa chumba chake, basi.

Jambo moja tulichelewa kulifanya. Kama nyumba nyingi za Dar, yetu ina milango ya grili na tunaifunga kwa kufuli usiku, na funguo nilikuwa nalala nazo mimi. Usiku mmoja umeme ulikatika, mama akataka kutoka barazani kupunga upepo, akahangaika gizani peke yake na hakutaka kutuamsha. Sasa ufunguo wa pili umetundikwa kwenye msumari kando ya kitanda chake, na taa ya chaji iko mezani, upande wa mkono wake wa kulia.