China na Urusi: tatizo si kasi peke yake

Umeuliza kwa nini China ilipaa na Urusi ikaporomoka, ilhali zote zilikuwa zinatoka kwenye uchumi unaopangwa na serikali. Wengi hujibu kwamba China ilifanya mageuzi polepole, Urusi ghafla. Haitoshi: Poland nayo iliachia bei, yaani serikali ikaacha kuzipanga, ghafla Januari 1990, na ikainuka mapema kuliko Urusi.

Angalia walikoanzia. Mwaka 1978 Wachina wengi walikuwa wakulima. Kaya ilikabidhiwa shamba, ikatimiza fungu la mazao la serikali, kilichobaki kikawa chake. Mwanauchumi Justin Yifu Lin alikadiria mwaka 1992 kwamba karibu nusu ya ongezeko la mazao kati ya 1978 na 1984 ilitokana na badiliko hilo. Viwandani nako bei zikawa mbili: tani zilizopangwa na serikali kwa bei ya serikali, za ziada kwa bei ya soko. Ulanguzi ulikuwepo, tena mwingi, lakini viwanda havikukatiwa malighafi kwa mkupuo.

Urusi ilikuwa nchi ya viwanda, na mara nyingi kiwanda kilitegemea msambazaji mmoja tu, pengine aliye jamhuri nyingine ya Muungano wa Kisovieti. Muungano huo ulipovunjika, uhusiano huo ukakatika; wanauchumi Blanchard na Kremer walilieleza hili vizuri sana mwaka 1997. Kisha Januari 1992 bei nyingi zikaachiwa, mfumuko wa bei ukapita asilimia 2,000 mwaka huo, na akiba ya maisha ya wastaafu ikayeyuka benki. Mimi siwezi kuiita hiyo gharama ndogo ya mpito.