Mpelelezi Anayelala Ikulu

SWALI: Ndugu Mshauri, salamu kutoka Jinja. Nimefika sura ya nne ya riwaya ya kisiasa ambayo mhusika wake mkuu ni mwanamke mpelelezi binafsi, aliyekuwa na ofisi ndogo jijini Kampala kabla mumewe hajachaguliwa kuwa Rais wa Uganda. Anaendelea na kazi yake kwa siri, mpaka siku moja mjane anamletea kesi ya ardhi aliyoporwa, na nyayo za kesi hiyo zinaelekea nyumbani kwake mwenyewe. Rafiki aliyesoma mswada anasema haiwezekani: mke wa Rais hawezi kumfuata mtu hatua kumi bila kutambuliwa, tena mahakama ingemmaliza mumewe kwa sura moja tu. Je, niiache hadithi hii? — Mwalimu, Jinja

JIBU: Mwalimu, tafadhali usiiache. Rafiki yako ameutambua ugumu mahali ulipo, lakini ameuhesabu kuwa kasoro, ilhali mimi nauona kuwa utajiri mkubwa kuliko wote ulio nao. Mtaji wa mpelelezi ni kutojulikana, na ndoa hii imemnyang'anya mtaji huo siku ile ile mumewe alipoapishwa. Mwonyeshe akiwa amefilisika hivyo. Anakaa Ikulu ya Entebbe, analindwa na kikosi maalumu cha jeshi, na kila safari yake lazima kuna mtu anayeijua kabla hajapanda gari. Hata akiponyoka, Kampala ya leo ina kamera za polisi barabarani, ambazo zilianza kuwekwa baada ya mauaji ya afisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi mwezi Machi 2017. Basi miguu yake itabidi iwe ya watu wengine: mwendesha boda boda wa steji iliyokuwa mbele ya ofisi yake ya zamani, au mama mwenye duka Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, ambaye husikia mengi kuliko gazeti lolote. Watu hao wasiwe mapambo, kwa maana wao hawana walinzi, na kila anapowatuma anawahatarisha kuliko anavyojihatarisha yeye.

Kuhusu kesi yenyewe, nakusihi uipe karatasi nyingi kuliko risasi. Ukimweka mjane kwenye kibanja, yaani shamba la mkaaji asiye na hati, kilicho juu ya ardhi ya mailo, mfumo wa kumiliki ardhi uliozaliwa na Mkataba wa Buganda wa 1900, msomaji wa Uganda ataelewa bila maelezo marefu kwamba mtu anaweza kuishi, kulima na kuzika wazazi wake mahali ambapo hati yake ina jina la mwingine. Mpelelezi mzuri ataanza kwa kupekua daftari la ardhi, na hofu ya kweli itaingia pale atakapoliona jina la kampuni ambayo aliwahi kuisikia ikitajwa mezani kwake, wakati wa chakula cha usiku.

Hapo ndipo sheria inakuja kukusaidia, kinyume na anavyodhani rafiki yako. Ibara ya 98 ya Katiba ya 1995 inasema kwamba Rais, akiwa bado madarakani, hawezi kushtakiwa katika mahakama yoyote. Mashtaka yanaweza kufunguliwa baada ya yeye kuondoka. Kinga hiyo ni ya Rais, wala haimfuniki mkewe. Kwa hiyo katika nyumba hiyo moja yuko mtu asiyeweza kuitwa mahakamani na mwingine anayeweza kuitwa kesho asubuhi. Njia ya kumwondoa Rais iko katika ibara ya 107, nayo ni ndefu: taarifa iliyotiwa saini na theluthi moja ya wabunge, jopo la majaji watatu wa Mahakama ya Juu, kisha kura za theluthi mbili ya wabunge wote. Ukitaka aanguke usiku mmoja, itakubidi uandike mapinduzi, na hiyo ni riwaya nyingine.

Lakini kipengele ninachokipenda zaidi kimo katika Sheria ya Ushahidi. Alichoambiwa mtu na mwenzi wake wakati wa ndoa, hawezi kulazimishwa kukitoa, na kwa kawaida haruhusiwi kukitoa bila idhini ya aliyekisema, hata kama ndoa imekwisha kuvunjika. Kinachofungwa hapo ni maneno ya mume kwa mke. Karatasi aliyoiona kwa macho yake katika daftari la ardhi ni jambo jingine. Fikiria, Mwalimu, mwanamke ambaye tangu siku hiyo anajitahidi mumewe asimwambie lolote, kwa kuwa kila anachokiri kitandani kinamfunga mdomo, huku mume, ambaye naye si mjinga, akianza kumweleza kila kitu kwa upole na kwa machozi. Sijui silaha ya kutisha kuliko hiyo ndani ya nyumba ya watu wanaopendana, na nakuomba uamini kwamba wanapendana kweli. Ukimfanya mume kuwa jitu, mvuto wote utakwisha.

Jambo la mwisho litakusaidia katika sura ya nne uliyokwama. Sheria ya Maadili ya Viongozi ya 2002 inamtaka kiongozi atangaze mapato, mali na madeni yake kwa Inspekta Mkuu wa Serikali, ambaye watu wamezoea kumwita IGG, na katika tangazo hilo ataje pia mapato na mali za mwenzi wake. Mpelelezi wako amepokea ada ya mjane. Ianze sura hiyo mezani, jioni, fomu ikiwa katikati yao, mume akiwa ameshika kalamu juu ya nafasi ya mapato ya mke, na akimwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa ni nani aliyemlipa.