Kwa wadogo zangu wa kaunta ya intaneti kafe: kabla hujaiamini hiyo tovuti

Nimechoka kusimama nyuma ya viti vyenu nikitazama kitu kilekile. Mteja amekaa, ukurasa umeganda, kijana anafungua NoScript, kile kiongezo cha kivinjari kinachozuia skripti hadi uiamini domeni (anwani) zinakotoka, anakuta majina marefu kama foleni ya takisi Old Park ya Kampala, anayaamini yote kwa mkupuo. Ukurasa unafunguka, mteja anasema "webale" (asante), kijana anajiona daktari. Baada ya miezi mitatu orodha ya mashine hiyo imejaa domeni ambazo hakuna anayejua zilifikaje. Skripti, yaani vile vijiprogramu vinavyoendeshwa ndani ya ukurasa, sizielezi zaidi, mngekuwa hamjui msingepewa kiti. Someni haya kisha mrudi kazini.

1. Unaamini domeni, huamini ukurasa. Hili nalisema kila wiki. Ukiipa facebook.com imani ya kudumu kwa sababu ya mteja mmoja, skripti zake zitaendeshwa kwenye kila tovuti inayoziita, iwe ya gazeti, ya chuo au ya mapishi. Kuna aliyenijibu kwamba Facebook ilifungwa Uganda tangu Januari 2021, kwa hiyo haina neno. Mdogo wangu, wateja wangapi wanakaa hapo na VPN tayari imewaka? Kama domeni unaihitaji kwenye tovuti moja tu, tumia ngazi ya ruhusa maalumu na uifunge kwa tovuti hiyo. Ni kubonyeza mara moja zaidi, haikuui.

2. Kwenye uBlock Origin, kile kiongezo cha kuzuia matangazo, "kuaminiwa" ni habari nyingine kabisa. Tovuti iliyo kwenye orodha yake ya kuaminiwa ni tovuti ambayo uBlock imezimwa juu yake, matangazo na vifuatiliaji vyote ndani. Kile kitufe kikubwa cha kuzima nacho hukumbuka: ukikibonyeza leo, kesho bado kimezimwa kwa tovuti ile. Ila sheria unazoweka kwenye vile visanduku vya rangi hupotea usipobonyeza kufuli. Wengi wenu mmepanga kila kitu vizuri, mkafunga kivinjari, kisha mkamlaumu Raymond Hill aliyeitengeneza.

3. Anza na ruhusa ya muda, ile yenye alama ya saa, na ianze kabla mteja hajajaza chochote. Hapa nitakaa kidogo, maana nililipa ada.

Hajati mmoja mfanyabiashara wa soko la Kikuubo alikuja kumlipia binti yake ada ya mtihani wa nje, kwa kadi. Fomu ndefu: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, anwani, shule. Nikajaza yote nikijisifu kwa kasi yangu. Tukafika kwenye malipo, nikaweka kadi, nikabonyeza. Katikati ya ukurasa kikatokea kisanduku cheupe na ile S ya NoScript, hakuna kingine. Ndani yake ndimo ulimotakiwa kuwemo ukurasa wa benki wa kuingiza namba ya siri, unaotoka kwenye domeni ambayo sikuwahi kuiona. Namba yenyewe ilishafika kwenye simu ya Hajati, na dakika zinakwenda.

Nikaiamini ile domeni. Mnajua NoScript hufanya nini ukibadilisha ruhusa: hupakia ukurasa upya. Firefox ikaniuliza kwa adabu kama nataka kutuma tena taarifa zilezile. Nikakubali, kwa sababu vidole vilishatangulia. Kisanduku kikafunguka, lakini kikataka domeni ya pili. Nikaiamini nayo, ukurasa ukapakiwa tena, nikakubali tena. Kisha Hajati akasema polepole, bila hasira, "Mwanangu, simu imelia mara mbili. Wamekata mara mbili?"

Walikuwa wamekata mara mbili, shilingi 480,000 kila mara. Fedha zilirudi baadaye, lakini kabla hazijarudi Hajati alikuwa akipita mlangoni kila asubuhi kunisalimia tu, na salamu ile ilikuwa nzito kuliko matusi.

Hilo ni kosa dogo. Kubwa nilifanya jioni ileile. Kwa hasira na aibu nikaenda kwenye mipangilio ya mashine ile nikaondoa vizuizi vyote kwa tovuti zote, nikajiambia nitarudisha kesho. Sikurudisha. Waliojifunza kazi kwenye mashine ile walijifunza bila ulinzi, wakaniona hodari kwa sababu "kwa kaka kila kitu kinafunguka". Nilishtuka bando lilipoanza kuisha kabla ya Ijumaa (na tangu Julai 2021 bando lina kodi ya asilimia 12 juu yake), na mteja aliponiuliza kwa furaha kama kweli ameshinda simu.

Kwa hiyo: fungua ukurasa wa malipo mtupu kwanza, ona unaita nani, toa ruhusa za muda, halafu ndipo mteja atoe kadi. Ukikwama katikati usipakie upya. Angalia kwanza ujumbe wa benki kwenye simu yake.

4. Domeni hubadilisha wamiliki. Mwaka 2015 mtafiti wa usalama Matthew Bryant aliipekua orodha ya kuaminiwa ambayo NoScript ilikuja nayo kiwandani, akakuta zendcdn.net haina mwenyewe, akaisajili kwa dola kumi na kitu. Kwa muda huo mtu mmoja alikuwa na ruhusa ndani ya vivinjari vya watu waliodhani wamejifungia. Februari 2024 polyfill.io, domeni ambayo tovuti nyingi zilichukua skripti kwake, ilinunuliwa na kampuni ya Kichina, na ilipofika Juni skripti yake ilikuwa inawapeleka watu wa simu kwenye tovuti za kamari, huku tovuti zaidi ya 100,000 zikiiita. Aliyeiamini mwaka 2019 hakuwa mjinga. Mjinga ni sisi tusiofungua orodha hadi leo. Hata ile niliyowapa mimi msiichukue kama msahafu.

5. Mengine kwa haraka. Funga imani kwa HTTPS, kile kikufuli ni chako. Usiamini domeni nzima na matawi yake kama tawi moja linatosha. Kapcha ya Google (lile jaribio la kuthibitisha wewe si roboti) ikigoma, google.com na gstatic.com kwa muda. Kila mwisho wa mwezi hamisha orodha kwenye faili, uifungue, ufute usichokijua, na ukivunja kitu faili la zamani lipo.

Ila usifute siku za mwisho za Desemba, watu wa ritani za kodi za URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) wakiwa wamejaa hadi kwenye ngazi. Aliyefanya hivyo mwaka jana anajijua, na rolex (chapati ya mayai) ya kaunta nzima bado anadaiwa.