Jibu kuhusu Muheza: watu hawajakimbia, kilichobadilika ni nani anaishi pale na anakula nini

Mkuu umeuliza kwanini wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga, sensa ya 2002 ilikuwa na watu kama 279,000 halafu 2012 wakawa 204,000 na ushee, ukasema wilaya inakufa watu wamekimbia. Hapana mkuu. Hapo katikati Mkinga ilimegwa ikawa wilaya yake, watu wako vilevile ila wanahesabiwa kwingine. Mimi nimezaliwa kambi ya mkonge, babu mkata mkonge, baba mkata mkonge, ngoja nikueleze nilichokiona.

Hizo takwimu za kabila na rangi ulizoomba usihangaike nazo kwenye sensa za karibuni, hazimo. Watu waliulizwa kabila mara ya mwisho 1967, hata ya 2022 hawakuuliza. Ila kambini kwetu ulikuwa huhitaji karani, unasikia kwa masikio. Babu alikuwa Muha wa Kigoma. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuleta vibarua inaitwa SILABU, ilianza 1944, ikazoa vijana Kigoma, Songea, Njombe mpaka Burundi, na Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Wakaitwa manamba maana kila mtu alikuwa na namba yake. Babu alitunza kipande chake kwenye kopo la maziwa mpaka anakufa, kadi ina vyumba 30, ukifanya kazi siku moja chumba kimoja kinawekwa alama, vikijaa vyote ndo unalipwa, ukiumwa wiki basi mshahara nao unasogea wiki. Jioni ukipita kwenye laini za nyumba unasikia Kiha mlango huu, Kimakonde ule, Kingoni kule mwisho, sisi watoto Kiswahili tu. Mimi Kiha sikijui mpaka leo na inaniuma.

Mjini sasa maduka yalikuwa ya Wahindi na Waarabu, na mashamba mengi mkoa ule yalikuwa ya Wagiriki na Wahindi. Wenyeji Wabondei walikuwa na mashamba yao ya chakula, wengi hawakuitaka kazi ya kukata, na hawakukosea, utomvu wa mkonge unawasha mwili mzima na miba ya ncha inatoboa macho ya watu.

Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Halafu bei ikaanguka, kamba za nailoni zikaingia, 1967 mashamba mengi yakataifishwa, 1971 serikali ikachukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Hapo ndipo Wagiriki na Wahindi wengi walipoondoka, wale wa madukani walifunga mmoja mmoja. Kufikia mwisho wa miaka ya 90 nchi nzima ilikuwa inatoa kama tani 20,000 tu. Korona ya shamba letu, yaani mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, ilizimwa nikiwa darasa la tano, nakumbuka kwa sababu ile harufu kali ya maji ya makapi ilikata, mama akasema sasa tutakula nini. Baba hakulipwa mafao yake yote mpaka anazikwa.

Manamba hawakurudi kwao lakini. Warudi wapi na watoto wameolewa hapahapa na Wabondei na Wazigua? Wale ndo watu wa Muheza wa leo, pamoja na Wasambaa walioshuka milimani, Wapare na Wachaga waliochukua biashara mjini.

Hela sasa hivi ni machungwa. Na hapa ndo shida ilipo mkuu, mkonge ulikuwa na mshahara mdogo lakini ulikuja mwaka mzima, chungwa linakupa hela miezi michache halafu kimya. Msimu ukichanganya malori mpaka ya Kenya yanajaa, kila mtu anavuna siku ileile, dalali anakuja kununua shamba zima likiwa bado kijani kwa sababu anajua una ada ya mtoto, na ukiuza kwa gunia anataka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Kwa hiyo ukipita Muheza mwezi wa msimu utasema watu wana hela, ukirudi baada ya miezi mitatu vijana wote wako juu ya bodaboda wanasubiri abiria mmoja.

Mdogo wangu ana heka 3 za michungwa. Mwaka huu kang'oa mizee akapanda mkonge nusu heka, atakata baada ya miaka kama mitatu. Nilimuuliza nani atamkatia, akasema atakata mwenyewe, panga la baba lipo.