Ukipata kandarasi ya theluji, usikimbilie chumvi

Juzi kijana mmoja aliyehamia hapa Brooklyn Park, Minnesota, aliniandikia. Amepata kandarasi ya kuondoa theluji kwenye maegesho ya kanisa, na swali lake ni moja: "Kaka, ninunue magunia mangapi ya chumvi?" Najua wengi mnaonisoma mko mbioni hivyo hivyo, ajira mchana na kandarasi usiku, kwa hiyo namjibu hadharani.

Machache, mdogo wangu. Machache kuliko unavyofikiri.

Theluji huondolewa kwa beleshi au mashine, mapema, kabla magari hayajaikanyaga ikashikamana na lami. Kazi ya chumvi ni kubandua ule utando wa barafu unaobaki. Lami ikishuka chini ya nyuzi 15 za Farenhaiti, yaani kama 9 chini ya sifuri kwa Selsiasi, chumvi ya kawaida haina msaada wa maana. Siku hizo mwaga mchanga watu wasiteleze.

Haya nimeyalipia. Nilikuwa na mteja mkubwa, jengo la ofisi. Asubuhi moja meneja alitoka nje akakuta lami nyeusi, kavu, hakuna hata punje nyeupe. Badala ya kushukuru akaniuliza, "Chumvi iko wapi? Nakulipa kwa kazi gani?" Nilimweleza, nikamwonyesha kwa mkono kwamba pamekauka. Wapi! Hofu yake ilikuwa mtu aanguke ampeleke mahakamani, na machoni pake chumvi ndiyo ushahidi. Msimu ulipoisha nikaletewa barua pepe ya mistari miwili: kazi amepewa mwingine. Katika muda wangu wote pale hakuanguka mtu. Hakuna! Roho inaniuma mpaka leo.

Nilipita pale baadaye. Mlangoni chumvi ilikuwa nyingi hadi inalia chini ya viatu, na kwenye mfereji wa maji ya mvua imejikusanya pembeni ikisubiri theluji iyeyuke.

Mfereji huo hauendi kwenye mtambo wa kusafisha maji. Mitaa yetu mingi humwaga kwenye kijito cha Shingle Creek, nacho kinaingia mto Mississippi. Kijito hicho kilizidiwa na kloraidi, kemikali inayotoka kwenye chumvi, kiasi kwamba mwaka 2007 uliidhinishwa mpango rasmi wa kuipunguza. Kiwango cha jimbo cha kulinda viumbe wa majini ni miligramu 230 kwa lita, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuharibu galoni 5 za maji. Kloraidi haiozi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikokotoa kwamba asilimia 70 hivi ya chumvi inayomwagwa eneo la Minneapolis na Saint Paul haiondoki na mto. Inabaki kwenye udongo, maziwa na maji ya ardhini.

Sasa niambieni, sisi tuliolelewa tukiteka maji mtoni, tukachapwa kwa kuyachezea, tumefika huku ndio tuwe wa kuyaharibu kwa gunia? Bei ya chumvi isikudanganye. Anayekunywa ni samaki leo, kesho ni mwenye kisima.

Kipimo ni hiki: kikombe cha kahawa cha aunsi 12 kinatosha njia ya gari ya futi 20. Acha nafasi kati ya punje na punje. Barafu ikishayeyuka na lami ikakauka, zoa chumvi iliyobaki uitumie tena. Na nasema tena, beleshi kwanza.

Shirika la jimbo la kudhibiti uchafuzi lina mafunzo ya matumizi ya chumvi na linatoa cheti. Kichukue, mteja akikubishia umwonyeshe. Kwenye mkataba andika kwamba unalipwa kwa msimu au kwa kila ujio, kamwe si kwa gunia. Anayelipwa kwa gunia atamwaga tu. Pia andika kwamba lami kavu haiwekwi chumvi, na mteja atie sahihi hapo hapo kabla theluji ya kwanza haijaanguka.